Fundi wa Zavidovići

Dakika ya tatu ilikuwa haijaisha. Messi alipiga mpira wa adhabu kutoka kushoto, Marcos Rojo akauparaza kwa kichwa, ukamgonga mguuni beki kijana Sead Kolašinac na kujaa wavuni. Hivyo ndivyo Bosnia na Herzegovina ilivyoingia kwenye Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, tarehe 15 Juni 2014, ndani ya Maracanã: kwa kujifunga. Nchi ya watu wasiofika milioni nne, iliyokuwa imesubiri siku hiyo tangu ipate uhuru, ilifungwa hata kabla jasho halijatoka.

Kocha wao siku hiyo alikuwa na miaka 59. Jezi zile za Argentina hazikuwa ngeni kwake. Miaka 35 nyuma, mjini Belgrade, aliwahi kuzifunga mabao matatu kwa mechi moja, tena wakati waliozivaa walikuwa mabingwa wa dunia.

Jina lake ni Safet Sušić. Vijiweni kwetu halitajwi sana. Ukianza habari za Paris Saint-Germain, mtu atakuletea Weah, Okocha, Ronaldinho, na vijana wa leo wataanzia Neymar na Mbappé kana kwamba kabla yao uwanja ulikuwa shamba la mahindi. Sishangai. Sušić alicheza wakati ambao mechi za ligi ya Ufaransa hazikuonekana kwetu, akachezea nchi ambayo haipo tena, na kila alipohama mahali, neema ilifika baada ya yeye kuondoka. Lakini jarida la France Football lilipowapigia kura wachezaji wa kigeni waliopata kucheza ligi ya Ufaransa, aliyeshika nafasi ya kwanza alikuwa yeye.

Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1955 huko Zavidovići, mji mdogo wa wapasua mbao kaskazini ya Sarajevo, pale mto Krivaja unapomwaga maji yake katika mto Bosna. Kiwanda cha mbao kiliitwa Krivaja, na timu ya mji ikaitwa Krivaja vilevile. Msituni karibu na hapo kuna mawe makubwa ya mviringo, mengine yanamfikia mtu kifuani, na watu bado wanabishana kama yalichongwa na binadamu au na maji. Basi tuseme tu kwamba Safet alikulia mahali ambapo hata mawe yana umbo la mpira. Kaka yake, Sead, alitangulia kupata jina. Aliichezea Red Star ya Belgrade, timu iliyokuwa kubwa kuliko zote Yugoslavia. Mdogo mtu hakwenda mji mkuu. Mwaka 1973, akiwa na miaka 18, alishuka Sarajevo.

Sarajevo ina timu mbili, na ukiwa mtu wa Kariakoo hili huhitaji kuelezwa. Željezničar ni timu iliyozaliwa na wafanyakazi wa reli, na maskani yake ni Grbavica. FK Sarajevo, yenye jezi za rangi ya damu ya mzee, ilianzishwa 1946 na inachezea Koševo, uwanja uleule ambao mwaka 1984 dunia ilikuja kuushuhudia ukifungua Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi. Safet akawa wa Koševo. Watu wa mji wakampa jina la utani, Pape.

Kimo chake kilikuwa cha kawaida na mbio zake hazikumtisha mtu. Alichokuwa nacho ni ile hali tunayoisema mtu anaongea na mpira. Aliupokea akiwa amempa beki mgongo au ubavu, akautuliza, akangoja. Beki akishindwa kuvumilia na kurusha mguu, Sušić alikuwa ameshapita. Asiporusha, mwenzake alikuwa ameshapata nafasi, na pasi ilimkuta palepale. Miaka ile alicheza mbele zaidi, karibu na goli, na pembeni yake alikuwepo Predrag Pašić, kijana wa Sarajevo aliyemwelewa bila maneno. Wawili hao waliwafanya mashabiki wa Koševo waache kazi mapema siku za mechi.

Timu ya taifa ilimwita Oktoba 1977 dhidi ya Hungary. Akafunga mawili siku ya kwanza. Mwezi uliofuata Yugoslavia ikaenda Bucharest kucheza na Romania, mechi iliyoisha 6–4, namba ambazo leo unazikuta kwenye tenisi. Matatu yalikuwa yake. Halafu ukaja mwaka 1979. Tarehe 13 Juni, mjini Zagreb, Italia ilichapwa 4–1 na Sušić akafunga matatu. Tarehe 16 Septemba, Belgrade, ikawa zamu ya Argentina iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka mmoja kabla: 4–2, na matatu tena yakawa ya Sušić. Kufunga matatu dhidi ya Italia na matatu dhidi ya bingwa wa dunia katika muda wa miezi mitatu ni jambo ambalo leo lingemfanya mchezaji auzwe kabla hajavua viatu. Yeye alirudi Koševo kuendelea na ligi. Msimu huo wa 1979–80 alikuwa mmoja wa wafungaji bora wawili wa ligi, kila mmoja na mabao 17, na FK Sarajevo ikamaliza ya pili nyuma ya Red Star.

Hakuuzwa kwa sababu nchi haikuruhusu. Yugoslavia ya wakati ule ilikuwa ya kijamaa, lakini ujamaa wake ulikuwa na milango, na mlango wa wanasoka ulikuwa na umri. Mchezaji alitakiwa akaribie miaka 28, awe ameitumikia ligi ya nyumbani na taifa, ndipo aruhusiwe kwenda kutafuta riziki nje. Sheria hiyo ina pande mbili na sioni haja ya kuikebehi. Ndiyo iliyofanya timu za Sarajevo, Split na Belgrade ziwe na nguvu ya kusumbua Ulaya nzima, na mtoto wa Koševo akamwona Pape kwa macho yake kila wiki mbili kwa karibu miaka kumi. Sisi tunaowajua wachezaji wetu bora kupitia televisheni tungeipenda sheria ya namna hiyo. Upande wa pili ni wa mchezaji mwenyewe: miaka ambayo miguu ina nguvu zaidi alilipwa mshahara wa nyumbani.

Mwaka 1982 mlango ulipofunguka aliukimbilia vibaya. Baada ya Kombe la Dunia la Hispania, ambako Yugoslavia ilitoka kwenye makundi bila kufanya la maana, Sušić alijikuta ameweka saini na Torino, kisha na Inter. Mchumba mmoja, mahari mbili. Waitalia waligombana, na shirikisho lao likaamua kwa njia ya mkato kwamba kijana huyo asicheze timu yoyote Italia. Wakati ule Italia ndiyo ilikuwa soko kuu la soka duniani, na kufungiwa na Waitalia kulikuwa sawa na muuza karafuu kufungiwa bandari.

Mwishoni mwa mwaka huo akatua Paris, ambako hakuna aliyekuwa amemtarajia.

Paris Saint-Germain ilikuwa na umri wa miaka 12 tu. Haikuwa na taji la ligi hata moja. Wazee wa soka la Ufaransa waliidharau. Kwao timu ni Saint-Étienne, Reims, Marseille, Nantes. Paris ilikuwa mji wa watu wanaokwenda uwanjani kuonekana. Sušić aliingia katikati ya msimu, hajui lugha, na kufikia Juni 1983 alikuwa kwenye fainali ya Kombe la Ufaransa dhidi ya Nantes waliokuwa bingwa wa ligi mwaka huo. Hadi mapumziko Nantes waliongoza 2–1. Kipindi cha pili Sušić akasawazisha, na zikiwa zimebaki dakika chache Nabatingue Toko akafunga la tatu. Toko alikuwa mtu wa Chad. Kabla ya Weah, basi, Mwafrika alishawapa Waparis kombe, na hilo nalo halitajwi vijiweni.

Huko Paris ndiko Sušić alikogeuka kuwa kiungo. Umri ulikuwa umesogea, na makocha wakaona kwamba mtu anayeuona uwanja mzima namna ile ni hasara kumweka mwisho wa njia, akisubiri mpira umfikie. Wakamrudisha nyuma, akawa ndiye mpikaji. Agosti 1984, PSG ilipoichapa Bastia 7–1, mabao matano kati ya saba yalitokana na pasi zake. Nimewahi kusikia watu wakibishana kama kutoa pasi ni kazi kubwa kuliko kufunga. Ubishi huo hauna mwisho, lakini jaribu kufikiria mechi ya dakika 90 ambamo mtu mmoja anawaweka wenzake mbele ya kipa mara tano na wote wanafunga. Pasi yenyewe haitoshi. Lazima ifike kwa uzito ambao mpokeaji hahitaji kuurekebisha, na kwenye mguu anaoupenda.

Pia kulikuwa na jambo la kuchekesha, kama si la kuumiza. Mwaka 1985, FK Sarajevo, timu aliyoitumikia karibu miaka kumi bila kutwaa ubingwa, iliuchukua bila yeye. Pašić alikuwepo. Faruk Hadžibegić, beki waliyecheza pamoja Koševo, alikuwepo. Sušić alikuwa Paris, akishindwa fainali ya kombe mbele ya Monaco kwa bao 1–0.

Mwaka wake ukaja mara moja. Msimu wa 1985–86 kocha mpya, Gérard Houllier, mwalimu wa shule aliyekuwa hajulikani sana, alichukua timu yenye kipa Joël Bats, Luis Fernandez katikati, Dominique Rocheteau mbele, na Sušić akiwasha na kuzima taa. Walicheza mechi 26 za mwanzo bila kupoteza. Aprili 1986 Paris Saint-Germain ikawa bingwa wa Ufaransa kwa mara ya kwanza. Makombe yote ya ligi ambayo timu hiyo imeyakusanya tangu matajiri wa Qatar walipoingia yamejengwa juu ya hilo la kwanza, ambalo halikugharimu fedha za mafuta.

Baada ya hapo mambo yalipanda na kushuka. Fernandez alikwenda timu nyingine ya Paris iliyokuwa na pesa za kiwanda cha makombora. Mwaka 1989 PSG ilimaliza ya pili nyuma ya Marseille. Sušić aliendelea hadi 1991, mechi zaidi ya 340 kwa jezi moja. Mwaka huohuo kituo cha televisheni cha Canal+ kikainunua timu na kumwaga fedha, na ndipo wakaja wale ambao vijiwe vyetu vinawakumbuka. Yeye akavuka barabara, akamalizia msimu mmoja na Red Star, timu ndogo ya kitongoji cha Saint-Ouen, akatundika viatu.

Kabla ya hapo, mwaka 1990, alipata Kombe la Dunia alilostahili, akiwa na miaka 35. Kocha wa Yugoslavia alikuwa Ivica Osim, mtoto wa Grbavica, gwiji wa Željezničar. Watani wa jadi wa Sarajevo wakawa jikoni pamoja. Magazeti ya Belgrade na Zagreb yalimbana Osim: mbona unamchezesha mzee wakati tuna Savićević, tuna Prosinečki? Osim alimchezesha. Dhidi ya Falme za Kiarabu, mjini Bologna, mzee alifungua mabao dakika ya tano na mechi ikaisha 4–1. Hispania ikatolewa Verona kwa mabao mawili ya Stojković. Na robo fainali, tarehe 30 Juni, Florence, wakakutana na nani? Argentina, bingwa wa dunia tena, safari hii na Maradona.

Yugoslavia walibaki kumi dakika ya 31 baada ya Refik Šabanadžović kuonyeshwa kadi nyekundu. Kumi hao waliendelea kucheza mpira bora kuliko kumi na moja. Saa moja ilipopita Osim alimtoa Sušić na kumwingiza Savićević. Dakika 120 zikaisha bila bao. Penalti: Stojković akagonga mwamba. Maradona akapiga, Ivković akaudaka. Savićević, aliyeingia badala ya Sušić, akafunga. Savićević, aliyeingia badala ya Sušić, akafunga. Brnović akapanguliwa na Goycochea. Na wa mwisho alikuwa Hadžibegić, rafiki wa siku za Koševo. Goycochea akaruka upande sahihi.

Wapo watu hadi leo huko Sarajevo na Belgrade wanaosema kwamba kama Faruk angefunga ile penalti, nchi isingevunjika. Ni maneno ya msiba. Hakuna penalti inayozuia mizinga. Lakini ninaelewa kwa nini yanasemwa. Hayo yalikuwa mashindano makubwa ya mwisho ambayo Yugoslavia nzima ilicheza, Mserbia, Mkroati, Mbosnia, Mslovenia na Mmasedonia chini ya bendera moja, na baada ya miaka miwili Osim alijiuzulu akilia mbele ya waandishi wa habari kwa sababu mji wake ulikuwa unapigwa mabomu.

Sarajevo ilizingirwa tangu Aprili 1992 hadi Februari 1996. Zaidi ya watu 10,000 walikufa. Wadunguaji walikaa Grbavica, mtaani kwa Željezničar. Karibu na Koševo, viwanja vilivyojengwa kwa ajili ya Olimpiki viligeuzwa makaburi kwa kuwa makaburi ya mji yalijaa. Pašić, ambaye alikuwa amecheza Ujerumani na angeweza kuishi huko, alibaki mjini, na 1993, mabomu yakianguka, akafungua shule ya soka ya watoto wa makabila yote, akaiita Bubamara. Sušić vita vilimkuta Ufaransa. Alianza ukocha huko Cannes mwaka 1994, ambako kati ya vijana aliowakuta alikuwemo Patrick Vieira, mzaliwa wa Dakar. Kisha miaka mingi Uturuki, timu hii na ile, makocha wanajua maisha hayo: masanduku hayafunguliwi yote.

Mwishoni mwa 2009 Bosnia ikamwita. Nchi ilikuwa imetoka kushindwa na Ureno kwenye mchujo wa kwenda Afrika Kusini. Kikosi alichopewa kilikuwa ramani ya ukimbizi. Miralem Pjanić, kiungo, alizaliwa Tuzla akakulia Luxembourg. Misimović alizaliwa Munich. Asmir Begović, kipa, alikulia Kanada. Ibišević alipitia Uswisi hadi Marekani. Edin Džeko ndiye aliyekulia Sarajevo ndani ya mzingiro. Shirikisho lenyewe lilikuwa na marais watatu, mmoja kwa kila kabila, hadi FIFA ikalifungia Aprili 2011 na kumpa Osim, mgonjwa aliyekwisha kupigwa na kiharusi, kazi ya kuwakalisha watu meza moja. Wiki chache baadaye adhabu ikaondolewa.

Oktoba 2011 Sušić alirudi Paris. Bosnia ilihitaji kuifunga Ufaransa, Stade de France, ili ifuzu moja kwa moja Euro 2012. Džeko akafunga dakika ya 40. Kwa dakika 38 mji ulioushangilia mguu wake kwa miaka tisa ulikuwa unasukumwa kwenye mchujo na yeye. Dakika ya 78 mwamuzi akatoa penalti, Nasri akafunga, 1–1. Bosnia ikapelekwa kwenye mchujo, na huko ikawakuta Wareno tena. Lisbon ilikuwa 6–2.

Safari ya Brazil aliikamilisha Kaunas, Lithuania, tarehe 15 Oktoba 2013. Bao moja la Ibišević dakika ya 68 lilitosha kuwaweka juu ya Ugiriki waliokuwa na pointi sawasawa, 25, kwa tofauti ya mabao. Bosnia ilikuwa imefunga 30, Ugiriki 12. Sušić hakuficha imani yake: alipanga washambuliaji wawili na viungo wenye kupenda mpira, hata ugenini, hata wakati waandishi walimwita mjinga. Kikosini alimchukua pia Tino-Sven Sušić, kiungo, mtoto wa kaka yake Sead. Wapo waliosema undugu.

Maracanã waliisumbua Argentina kuliko matokeo yanavyoonyesha. Messi aliongeza la pili dakika ya 65, Ibišević akarudisha moja karibu na mwisho, 2–1. Siku sita baadaye, Cuiabá, wakacheza na Nigeria, na hapa nakiri nilikuwa upande wa pili wa kochi. Džeko alifunga bao halali dakika ya 21 na mshika kibendera akasema ameotea. Odemwingie akafunga baadaye kidogo, na dakika za mwisho Enyeama akausukumia mpira wa Džeko kwenye nguzo. Nigeria ilikuwa haijashinda mechi ya Kombe la Dunia tangu 1998. Tulishangilia sana; marudio ya bao la Džeko tuliyatazama kimya. Bosnia waliaga kwa kuifunga Iran 3–1, Pjanić akiwa mmoja wa wafungaji.

Novemba ya mwaka huohuo, baada ya kufungwa 3–0 na Israel, Sušić alifukuzwa.

Jambo moja lilikuwa bado linamhusu huko Paris. Kwa karibu miaka 30 hakuna mchezaji wa PSG aliyewahi kutoa pasi za mabao nyingi kuliko yeye. Wakapita akina Okocha, akapita Ronaldinho, wakaja wa mamilioni ya Qatar, na hesabu ya Pape ikabaki juu. Aliyeivuka hatimaye ni Ángel Di María, ambaye siku ile ya Maracanã alianza kikosi cha kwanza, na jezi ya Argentina.